Walioniulia Mashine za Kutunzia Nyimbo

Nyie vijana mnaofungua studio pale Omurushaka, mnaopaka ukuta rangi ya zambarau na kuweka kiti cha kuzunguka, nimewaona. Mnanipita mnasema shikamoo mama, halafu hamuulizi kitu. Basi nitawaambia bila kuulizwa. Nimerekodi kwaya na harusi tangu enzi za kaseti mpaka goti la kulia liliponiambia basi. Darasa langu ni la saba, na hilo la saba nililimaliza kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa mjomba wangu. Siwezi kuwaeleza kompyuta inafikiri vipi. Ninachojua ni namna inavyokufa. Nimeona nyingi zikifa, na karibu kila moja ilikuwa na muuaji, na muuaji alikuwa na jina. Majina nitayataja. Wao hawakuona haya kuua, mimi nione haya kutaja?

Kilichonitia kwenye mateso haya ni sauti ya mtu mmoja. Mwalimu Selestini alikuwa mwalimu wa kwaya ya kigango chetu cha Rugera. Nota hakuzijua. Nyimbo alizitunga kichwani akiwa anapogoa migomba, na alizifundisha kwa mdomo: anawaimbia akina mama sauti ya kwanza, anageuka anaimba ya pili, anageuka tena anaimba ya tatu, halafu anashusha kidevu mpaka kifuani anaimba besi. Akachoka kurudia kwa ajili ya wale wasiofika mazoezini. Siku moja akaja studio akaniambia, "Leokadia, nirekodi sauti zote nne, mimi mwenyewe, moja moja. Atakayekosa mazoezi aje aingiziwe kwenye simu, asinisumbue."

Tukafanya hivyo msimu mzima wa mvua, wimbo baada ya wimbo. Baadaye akaugua koo. Akapelekwa hospitali, akapasuliwa, akarudi mzima na ana hamu ya kula, lakini sauti haikurudi. Kilichobaki ni kunong'ona. Wanakwaya nao walikuwa wameshafuta nyimbo kwenye simu zao ili wapate nafasi ya video za watu wasiowajua wakicheza. Kwa hiyo nyimbo zote za Mwalimu Selestini, ambazo hazikuandikwa popote, zikawa zimebaki sehemu moja tu duniani, nayo ni kompyuta ya studio kwangu.

Alikuja kuiangalia. Kompyuta yenyewe nilikuwa nimeivua ubavu mmoja ili ipumue, na kitufe cha kuwashia nimekibana kwa njiti ya kiberiti.

"Zipo?" akanong'ona.

"Zipo, Mwalimu."

"Zipo hapo tu?"

"Hapo tu."

Akaitazama kompyuta yangu kama mtu anayemtazama daktari aliyekuja kazini na kandambili. Akaondoka. Tangu siku hiyo nikaanza kutafuta mashine ya kukaa nyumbani, iwake muda wote, itunze nakala, isile umeme wote, isife. Nyie mnaiita seva. Mimi wakati ule nilidhani seva lazima iwe kubwa kama kabati.

Hapo ndipo aliponipata Florian wa Kayanga.

Florian alikuwa na duka nyuma ya stendi, anauza kompyuta zilizokwishatumika. Alinionyesha lidude jeusi, zito, lina mashimo mbele kama jiko la mkaa.

"Hii ndiyo seva, Ma Leokadia. Imetoka benki Ulaya."

"Inakula umeme kiasi gani?"

"Mtu anayenunua ng'ombe haulizi anakula majani kiasi gani."

"Anauliza," nikamwambia. "Tena ndilo la kwanza kuuliza, kabla hata hajamshika mkia."

Akacheka, akanipa soda. Nyie jihadharini na muuza kompyuta anayetoa soda. Nilikwenda na swali la maana, nikarudi Rugera na lile lidude juu ya pikipiki, bodaboda ananiuliza kama ni mashine ya kusaga.

Kwa kelele ilikuwa mashine ya kusaga kweli. Ndani ilikuwa na feni ndogondogo zimepangwa mstari, zinalia kama kinu cha kukoboa kahawa mwezi wa saba. Uniti za umeme wa LUKU zilizokuwa zinanitosha mwezi zikawa zinakata kabla hata mkungu niliouvundika haujaiva. Nikizima taa zote, nikikaa gizani na wanangu kama watu waliofiwa, bado kale kataa kekundu ka mita kanakonyeza haraka haraka. Hapo nilijifunza jambo ambalo Florian hakuniambia, na nyie lichukueni bure: kabla hujaamini maneno ya mtu, zima kila kitu nyumbani, chomeka mashine hiyo peke yake, halafu nenda ukaangalie kataa ka mita. Kakikonyeza polepole, kama mzee anayesinzia kanisani, nunua. Kakikonyeza kama mtu aliyeingiwa na mchanga jichoni, irudishe siku hiyo hiyo, hata kama umekunywa soda.

Mimi sikuirudisha. Kabla sijafanya hivyo, Byabato aliiua.

Byabato ni jirani yangu, na mpaka leo ananidai salamu. Msimu wa senene, wale panzi wetu wa kukaanga, ulipoingia, alisimamisha mabati mapya kwenye uwanja wake na kutundika taa zile kali kabisa, zote zikielekea dirisha langu. Nikamwambia, "Byabato, mtego wako unaniangalia mimi." Akasema, "Ma Leokadia, senene hawana mpaka wa shamba." Haya. Sasa fikirini: seva ya Florian inavuta hewa mbele na kuitemea nyuma, na inavuta kwa nguvu. Senene waliokosa bati la Byabato waliingia dirishani kwangu wakakutana na mvuto huo.

Asubuhi niliamka nikasikia harufu ya kukaanga. Nikajua shemeji yangu Edisoni amefika amejihudumia. Nikaenda jikoni, jiko halina moto. Nikaifuata harufu mpaka chumbani, nikakuta lidude limenyamaza, linafuka moshi mwembamba. Nikalifungua. Senene walikuwa wamejaa humo kama kwenye gunia, feni zote zimekwama, na wale waliolala juu ya kile chuma cha moto cha katikati walikuwa wameiva, wana rangi nzuri kabisa ya kahawia.

Nikamwita Byabato aje aone alichofanya. Akaja, akainama, akachukua mmoja, akatafuna taratibu.

"Wamekosa chumvi tu," akasema.

Ndiyo maana hajapata salamu yangu mpaka leo.

Mzoga ule nilimpelekea Mzee Salumu pale Omurushaka. Huyu simtaji kama muuaji, namtaja kwa heshima. Alikuwa fundi redio, babu yake alitoka pwani na misafara ya biashara akaona ndizi zetu akakaa. Kila nilipomwendea kujifunza nilimfikia nimeshaharibikiwa, lakini hakunicheka hata mara moja, labda siku ile ya senene, na hata hiyo alicheka akiwa amegeukia ukuta.

"Leokadia mwanangu," akasema, "wewe unataka mlinzi au unataka jeshi?"

"Nataka nyimbo za Mwalimu zisipotee."

"Basi unataka mlinzi mmoja, mtulivu, asiyekula sana. Hili ulilouziwa ni jeshi. Litakula chakula chako chote, na vita hakuna."

Akanifundisha kuchagua. Akaniletea kompyuta ndogo iliyotumika ofisini, ukubwa wake kama kitabu cha sala, haina feni hata moja. Mwili wake wote ni chuma chenye matuta, na hilo tumbo la chuma ndilo linalotoa joto. Mashine isiyo na feni haivuti vumbi jekundu la barabara, haivuti senene. Akaniambia niiache iwake mpaka mchana, halafu niweke kiganja juu yake. Ukiweza kuacha kiganja chako hapo mpaka umalize kusema bismillahi yote bila kuharakisha, hiyo itadumu. Mimi nilisema Salamu Maria, ni ndefu zaidi, na kiganja kilikuwa salama mpaka amina.

Akaniambia pia niangalie adapta yake. Inayotumia adapta kama ya laptopu, lakini ya volti kumi na mbili, unaweza kuilisha moja kwa moja kutoka kwenye betri ya sola bila kupitia inveta, maana inveta nayo ni mdomo mwingine wa kulisha. Na kama mfuko wako umebana, chukua laptopu kuukuu iliyovunjika kioo. Kioo hukihitaji, seva haitazami televisheni. Ila betri ya laptopu ikianza kuvimba kama andazi, itoe, usiihurumie.

Ilibaki diski ya kutunzia. Hapo ndipo alipoingia Jofrey.

Jofrey alikuwa anauza chaja na tochi kwenye mabasi ya Bukoba yanaposimama Omurushaka. Akaniuzia diski ya nje, nzito, inang'aa, imeandikwa ukubwa wa kutisha. Nikanakili nyimbo zote. Majina yake yakajipanga vizuri kwenye kioo, nikafurahi, nikaenda kulima. Ni Mzee Salumu aliyeniuliza, "Umezisikiliza?" Nikamwambia nimeyaona majina. Akasema, "Majina yapo hata makaburini." Tukafungua wimbo mmoja, ukaimba kidogo ukakatika. Mwingine haukuimba kabisa. Akachukua bisibisi, akaipasua ile diski. Ndani kulikuwa na memori kadi moja ndogo ya simu, na nati mbili kubwa za lori zimegandishwa kwa gundi ili mnunuzi asikie uzito.

Mzee Salumu akazipima nati mkononi. "Nati zenyewe ni nzuri," akasema. "Hizi ndizo kitu pekee cha kweli alichokuuzia."

Nilimfuata Jofrey stendi na nati zangu mkononi. Akaniambia, "Mama, mimi nauza tu, sitengenezi." Hivyo, vijana, nakala ambayo hujaisikiliza mpaka mwisho si nakala, ni majina. Kila mara nikinakili nilikuwa nachagua wimbo mmoja, nasikiliza mpaka kiitikio cha mwisho. Tena diski nilinunua mbili, za kampuni mbili tofauti, kwa wauzaji wawili tofauti, maana pacha waliozaliwa na kasoro moja hufa kwa kasoro moja. Moja ilikaa nyumbani imechomekwa kwenye mashine ndogo. Ya pili nilimpelekea mdogo wangu Eufrazia huko Kyerwa, kwa sababu nyumba ikiungua, nakala mbili ndani yake ni majivu ya aina mbili. Nilikuwa nakwenda kuzibadilisha, hii inakuja, ile inakwenda.

Ikatulia, nawaambia kweli. Mashine ile ndogo ilikaa chumbani kwangu juu ya kabati, kimya kama paka, inalishwa na betri ya sola, mita haikujua hata kama ipo. Kompyuta ya studio ikapigwa na radi. Hiyo simlaumu mtu, ndiyo pekee iliyokufa kifo cha Mungu. Mimi nikafunga studio kwa sababu ya goti, nikarudi kwenye migomba na kahawa. Wanakwaya wapya wakawa wanakuja nyumbani kuchukua sauti zao. Wazee wa besi walikuwa wameshaacha kwaya, mmoja mmoja, vijana wakashika nafasi zao, na hao hawakuwahi kumsikia Mwalimu Selestini akiimba kwa mdomo wake. Walimjua kwa simu tu.

Sasa shemeji Edisoni.

Edisoni ni mdogo wa marehemu mume wangu. Kuna watu wakiona betri ya sola wanaona betri ya sola. Edisoni anaona spika za sherehe. Siku mimi niko shambani alikuja akaing'oa ile betri, akaipeleka kwenye sherehe ya kuaga binti wa rafiki yake, wakapiga muziki mpaka betri ikafa ganzi. Nisingejua. Lakini aliona vibaya kuniachia kazi, akairudisha na kuifunga mwenyewe. Waya mwekundu akaupeleka kwa hasi, mweusi akaupeleka kwa chanya.

Nilipomuuliza akasema, "Shemeji, waya ulikuwa unafika vizuri zaidi upande ule."

Mashine iliungua. Diski iliyochomekwa ikaungua nayo, ikatoa harufu ile ambayo fundi yeyote akiisikia anavua kofia. Na hii ilikuwa wakati kigango kinajiandaa na jubilei yake, nyimbo zote zilizopangwa ni za Mwalimu Selestini, na nusu ya vijana walikuwa hawajachukua sauti zao.

Nikampigia Eufrazia. Tangu Pasaka goti lilikuwa halijaniruhusu kwenda Kyerwa.

"Lile boksi jeusi lipo?"

"Lipo, dada. Nimelitunza kuliko watoto."

"Umelitunza wapi?"

"Kwenye uchaga, pamoja na mbegu."

"Uchaga wa wapi?"

"Wa jikoni."

"Ule wa juu ya moto?"

"Sasa dada, kitu cha thamani nikiweke wapi? Chumbani kuna panya. Pale juu panya hafiki, na moshi unazuia fukusi."

Nikapiga yowe la kwetu, "Mawe!", nikakaa chini hapo hapo kwenye majani makavu ya migomba. Nyie mliokulia mjini, jueni kwamba kwetu mbegu ya maharage na ya mahindi hukaa juu ya jiko la kuni, moshi unaipita mchana kutwa, mdudu haigusi. Eufrazia alifanya kile ambacho mama yetu angefanya. Mimi ndiye niliyemwachia kitu bila kumweleza hakiliwi na fukusi. Lakini kosa hilo namwandikia Edisoni, maana bila yeye lisingejulikana.

Nikaenda na goti hivyo hivyo, nikaichukua. Ilikuwa na rangi ya samaki mkavu na harufu yake. Nilipofika kwa Mzee Salumu, Omurushaka, nilimkuta Mwalimu Selestini ameshafika, ameketi kwenye benchi katikati ya redio mbovu. Sikuwa nimemwambia. Habari ya msiba haihitaji nauli.

Mzee Salumu hakuichomeka. Mngekuwa nyie mngeichomeka. Aliivua ganda, akaikalisha kivulini mwa bati, akasugua midomo yake ya shaba kwa mswaki na spiriti, masizi yanatoka meusi. Mwalimu Selestini anamtazama mkono, hapepesi. Nilijua anachofikiri. Mtu akifa watu wanabaki na sauti yake kwa miaka kidogo. Yeye alikuwa hai, na sauti yake ilikuwa inasuguliwa kwa mswaki.

"Sasa," akasema Mzee Salumu.

Akachomeka. Kimya. Akasogeza waya. Halafu tukasikia ule mvumo mdogo wa diski kuzunguka, kama nyuki aliye mbali. Nikafungua wimbo wa kwanza nilioukuta, na sauti ya Mwalimu Selestini ikatoka kwenye spika kuukuu ya dukani, safi, imejaa, anaimba sehemu ya akina mama kwa sauti nyembamba ya kujibana. Mama mmoja muuza parachichi nje akasimama akauliza, "Nani huyo?" Mwalimu Selestini akainua mkono kama mtoto darasani.

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na nilisema ni spiriti.

Tukanakili siku hiyo hiyo kwenye kila kitu chenye uwezo wa kutunza, nikasikiliza zote mpaka mwisho. Jumamosi yake vijana wakachukua sauti zao, na Jumapili ile iliyofuata mazoezi yakafanyika kanisani, Mwalimu Selestini amekaa benchi la mbele, mimi pembeni yake. Sauti ya kwanza wakaimba vizuri. Ya pili vizuri. Ya tatu wakapotea kidogo wakarudi. Besi walipoingia, Mwalimu akanivuta kitenge.

"Besi wana nini?" akanong'ona.

"Wana nini, Mwalimu?"

"Mbona wanaimba kwa pua?"

Nikasikiliza. Kweli, vijana wote wa besi, wenye vifua kama milango, walikuwa wanaimba kwa pua, kwa umoja, kwa bidii kubwa.

"Wanaimba kama ulivyoimba wewe," nikamwambia. "Hawajaongeza wala kupunguza."

Akafikiri. Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Besi tulizirekodi mwishoni," akanong'ona, "zote kwa pamoja. Nilikuwa na mafua."

Akanituma nikawaambie. Nikaenda kwa Pastori, kiongozi wa besi, nikamweleza kwamba pua ile ni mafua tu, si wimbo. Pastori akanitazama kama mzushi wa dini. "Mama, sisi tulifundishwa hivi na Mwalimu mwenyewe. Ushahidi ninao hapa kwenye simu."

Nikarudi benchi la mbele na jibu. Mwalimu Selestini akafumbua mdomo awaimbie namna inavyotakiwa, hewa ikatoka tupu. Akaufunga. Akanipungia mkono.

"Waache," akanong'ona. "Ni mimi yule."

Jubilei ilipita na pua zao. Kigango cha jirani walikuwepo, wakapenda, wakaja nyumbani kwangu kunakili. Niliwapa. Juzi nimepita kanisani kwao wakati wa mazoezi, na besi wao nao wameshaanza kuimba kwa pua.